Lundo la Chupa la Njoro na Mwizi Niliyemtunga

Nyie vijana wa kikundi cha mazingira, mlipokuja kwangu na madaftari yenu mkaniuliza "changamoto za urejelezaji wa chupa za vioo," nilicheka mpaka chai ikanipalia. Msinione mkorofi. Miaka yote niliyofanya kazi ile hapa Njoro, hakuna mtu aliyewahi kuiita urejelezaji. Mimi, Ndeshi, waliniita Mama Chupa. Siku wakiwa na hasira waliniita Mama Takataka. Mume wangu, Eliakimu, alikuwa akiwaambia wenzake kwamba ameoa mwanamke anayelia kama kreti la soda akitembea.

Nimeona bora niwaandikie kuliko kuwasimulia. Nikisimulia huwa natia chumvi. Nikiandika, mkono unachoka kabla chumvi haijakolea.

Kwanza mjue chupa ilikuwa nini. Nyie mmezaliwa mkakuta plastiki zimejaa mpaka kwenye mifereji. Sisi, miaka ya themanini katikati, chupa tupu ilikuwa kitu cha kuazimwa kwa adabu. Ukienda dukani kununua mafuta ya taa, muuzaji hakuulizi kama una hela, anakuuliza kama una chupa. Soda bila kurudisha chupa hupewi, labda uinywe umesimama palepale huku mwenye duka anakukodolea macho kama vile umembeba mwanawe mchanga. Asali, samli, mafuta ya kula, dawa ya kifua ya bibi, vyote vilisafiri ndani ya chupa ya mtu mwingine.

Halafu biashara ikafunguliwa. Bidhaa zikaingia kutoka kila upande, na chupa zikaja za kila sura: ndefu, fupi, za kijani, zile bapa za pombe kali zinazolala mfukoni bila kuonekana. Watu waliokuwa wakifunga chupa kabatini kwa kufuli wakaanza kuzitupa nyuma ya choo. Hapo ndipo nilipoingia mimi.

Aliyenifundisha kazi ni Mzee Mbwambo, Mpare mmoja mwembamba mwenye kofia ya sufu, jua liwake au mvua inyeshe. Alikuwa na kiwanja kidogo alichokizungushia mabati, nyuma ya nyumba tuliyopanga. Alinunua chupa kwa watu, akaziosha, akawauzia wauza asali, wauza mafuta, na akina mama wa huko juu Kibosho na Uru waliokuwa wanatengeneza mvinyo wa ndizi. Mgongo wake ulikuwa umeanza kumgomea, akawa anatafuta mtu wa kuosha. Genge langu la mboga lilikuwa limeshakufa. Nikajiambia, kuosha chupa kuna nini?

Siku yangu ya kwanza ilikuwa mwezi wa saba. Mnaijua Moshi ya mwezi wa saba, maji ya bombani yanakuja yana hasira ya mlima. Nikazipanga chupa thelathini chini, nikachemsha sufuria kubwa ya maji, nikaanza kumimina kama mtu anayemimina chai kwa wageni. Pa! Pa! Pa! Mzee Mbwambo alitoka ndani akakuta vitako vya chupa vimebaki chini, na mimi nimeshika shingo ya moja mkononi kama mtu aliyenyonga kuku.

"Umemaliza?" aliniuliza.

"Nimemaliza, Mzee."

"Umemaliza kuosha, au umemaliza kuua?"

Basi la kwanza shikeni hilo: kioo hakipendi kushtuliwa. Kipe maji ya vuguvugu, kisha ya moto kidogo, kisha ya moto kweli. La pili, changarawe. Tia ndani ya chupa konzi ya changarawe ndogo za mtoni, jivu na maji, ziba mdomo kwa kiganja, tikisa. Hakuna brashi inayofika pembeni kama changarawe. La tatu, kabla hujalipa chupa ya mtu, igonge kwa ukucha. Chupa nzima huimba. Yenye ufa hukohoa. Ukinunua inayokohoa, utaimaliza safari ukiwa na nusu chupa na kidole kilichofungwa kitambaa.

Lakini adui mkubwa hakuwa ufa. Alikuwa mafuta ya taa. Chupa iliyowahi kukaa mafuta ya taa inaweza kuoshwa ikang'aa kama jicho la ndama, na bado ukiitia asali, asali itanukia kibatari. Mzee Mbwambo alikuwa na sifa mji mzima kwa pua yake. Mtu akileta gunia la chupa, yeye alichukua moja moja, akaipeleka puani, akafumba macho, akatamka: "Hii ilikuwa ya siki. Hii dawa ya kikohozi, ya mtoto. Hii ya mafuta ya taa, rudi nayo nyumbani." Wateja walikuwa wanakuja kutazama tu. Mama mmoja wa Uru alisema pua ile ilipaswa kuwa polisi.

Nilikaa naye karibu mwaka mzima kabla sijagundua. Siku hiyo niliweka maharage jikoni, nikatoka kwenda kuteka maji, foleni ikawa ndefu. Niliporudi moshi ulikuwa umejaa kiwanjani, maharage yamekuwa mkaa, na Mzee Mbwambo amekaa hatua tatu kutoka kwenye sufuria, anafunga chupa kwa kamba, anaimba.

"Mzee, husikii harufu?"

Alinitazama, akatazama sufuria. Akaona hakuna pa kukimbilia. "Sijasikia harufu ya kitu tangu ujana wangu," akasema. "Ugoro ulinimaliza."

"Na zile chupa?"

Akanifundisha kweli siku ile. Mafuta ya taa huacha duara jembamba kwenye kitako, ukiiinua chupa juani utaliona lina rangi za upinde wa mvua. Kifuniko chake hushika kutu kwa namna yake. Na kama vyote viwili havisemi, mtazame muuzaji. "Nikiipeleka puani nafumba jicho moja tu," alisema. "La pili liko kwake. Aliyeleta ya mafuta ya taa humeza mate."

"Sasa kwa nini unajifanya unanusa?"

"Mteja akiona duara, ataniuliza maswali mpaka jioni. Akiona pua, anaamini. Ndeshi, watu hawanunui chupa. Wananunua habari ya chupa."

Neno hilo nililipenda sana. Nililipenda kupita kiasi, kama mtakavyoona.

Miaka ikaenda. Mzee Mbwambo akarudi kwao Upareni kwa wanawe, akaniachia kiwanja. Pamoja na kiwanja akaniachia lundo. Hapa sasa ndipo penye changamoto yenu.

Chupa nzima ina wa kuinunua. Chupa iliyovunjika haina rafiki. Enzi za Mzee Mbwambo kulikuwa na lori lililopanda kutoka Dar kila baada ya miezi kadhaa kuchukua vipande kwa ajili ya kiwanda kilichoviyeyusha. Tulivitenga kwa rangi, vyeupe huku, vya kijani huku, vya kahawia kule, kwa sababu walisema kipande kimoja cha kijani kinaweza kuharibu tanuru zima la vyeupe. Basi lori likaanza kuchelewa. Halafu likaja mara moja, dereva akashuka mikono mitupu, akasema tanuru limezimwa, chupa mpya zinaingia bandarini kwa makontena, hakuna tena anayetaka vipande vyetu. Akanywa maji, akageuza lori, akaondoka. Mimi nikabaki nimesimama mbele ya vilima vitatu vya vioo vilivyonipita kimo.

Jirani yangu alilalamika kwamba jua linakuchwa mara mbili nyumbani kwake, mara moja magharibi na mara moja dirishani kutokana na lundo langu. Mipira ya watoto ilikufa pale. Mbuzi wa mtu alijikata. Siku mtoto wa nyumba ya tatu alipokanyaga kipande kilichobebwa na mvua, mtendaji wa kata alikuja mwenyewe, na kalamu sikioni.

"Mama Chupa, una wiki mbili. Lundo liondoke, la sivyo kiwanja kinafungwa."

"Liende wapi, mtendaji?"

"Hilo si swali la serikali."

Nilijaribu. Wajenzi niliwaomba wavisage watie kwenye zege, wakanicheka. Dampo walisema hawataki vioo, wafanyakazi wao wanavaa kandambili. Nikamfuata Severini.

Severini ni mtu wa Mabogini, huko chini kwenye majaruba ya mpunga. Alikuwa miongoni mwa watu walioniletea chupa, na kati yao wote ndiye niliyemwamini kuliko wote. Mrefu, mkimya, mguu wa kushoto unachechemea tangu alipoanguka kutoka kwenye lori la kahawa akiwa kibarua. Gunia lake la chupa halikuwa na haja ya kukaguliwa. Nikamwomba anitafutie shimo huko Mabogini, tuzike vipande kina cha mita mbili, nani atajua?

"Mama Chupa," akasema taratibu, "sisi tunalima miguu mitupu. Maji yakija yanafukua. Nitajuaje siku yanapofukua?"

Nilinuna, lakini alikuwa na haki. Andikeni hilo kwenye daftari na mlipigie mstari: kabla hamjakusanya, jueni kitu kinakwenda kuishia wapi. Shimo siyo mwisho. Shimo ni kumsukumia mwenzako.

Wiki ya kwanza ikaisha. Wiki ya pili ikaanza, na ndipo akaja Mama Doreen.

Mama Doreen alikuwa mfanyabiashara wa mitumba, ametajirika haraka, amejenga nyumba Soweto, ile Soweto yetu ya hapa Moshi, na ukuta umezunguka pande zote. Alikuja kununua chupa za asali ya kumpelekea mama mkwe. Mimi namfungia chupa kwenye gazeti, macho yangu yako kwenye lundo, masikio yangu yanamsikia akisifu ukuta wake. Na hapo, jamani, pua ya Mzee Mbwambo ikanijia kichwani.

"Ukuta wako ni mzuri," nikamwambia, "lakini hauna meno."

"Meno gani?"

"Juu pale. Wenzako wanapanga vipande vya chupa kwenye saruji ikiwa mbichi. Hakuna anayeruka."

"Wezi kwani wako Soweto?"

Ningeweza kunyamaza. Ningesema "Mungu atusaidie" nikampa chupa zake. Badala yake niliangalia huku na huku, nikashusha sauti.

"Hujasikia habari za yule?"

"Yupi?"

Nilimtunga palepale, maneno yakawa yanatoka yenyewe kama maji ya mfereji. "Mrefu. Mkimya, hasemi kitu. Anatembea na gunia begani, utadhani mtu wa kazi. Na anachechemea."

Mama Doreen alikunja uso. "Anachechemea, halafu anaruka ukuta?"

"Sasa hapo ndipo ujue ni mwizi wa kweli."

Aliondoka na chupa za asali. Baada ya saa moja fundi wake alikuja na toroli kuchukua vipande.

Siwezi kuwaeleza raha niliyoisikia. Kabla ya siku tatu mafundi walikuwa wanapigana vikumbo kwenye kiwanja changu na makarai yao. Kila mwenye ukuta alitaka meno, na asiye na ukuta alianza kujenga. Na yule mwizi wangu alikuwa anarudi kwangu amekua. Mama wa gengeni alinihakikishia kwamba anapaka mafuta ya nguruwe asikamatike. Muuza magazeti alisema ametoka Nairobi. Fundi mmoja akaniambia, kwa uso mkavu kabisa, kwamba akichechemea anajifanya tu, ukimfukuza mguu unapona. Mimi nilikuwa nasema "Mae! Kumbe!" na kujaza karai.

Siku moja kabla ya wiki mbili kwisha, mtendaji alikuja. Nilijua amekuja kufunga kiwanja. Alitazama pale palipokuwa na vilima vitatu, pamebaki kilima kimoja na nusu. Akakohoa.

"Vile vya kijani vimebaki?"

"Vimebaki kidogo."

"Nifungie makarai mawili. Kwangu ukuta wa upande wa barabarani ni mfupi."

Aliondoka bila kutaja wiki mbili. Nilicheka peke yangu mpaka nikakaa chini. Eliakimu aliporudi kazini nikamsimulia nikidhani naye atacheka. Hakucheka. Aliniuliza kitu kimoja tu: "Na wakimpata?"

"Watampataje mtu ambaye hayupo?"

Sasa sikilizeni. Severini alikuwa hajaonekana kwa majuma kadhaa, ni msimu wa kuvuna mpunga. Hakuwa amesikia lolote. Jumamosi moja asubuhi akafika, akanisalimu, akauliza kama kuna kazi. Nami nikakumbuka kwamba Mama Doreen alikuwa amemfanyia mwanawe sherehe ya kipaimara wiki iliyopita, na ameniambia nimtume mtu akachukue chupa tupu, zimejaa nyuma ya nyumba. Nikamwelekeza Severini nyumba ilipo. Tena nikamwongezea, na maneno haya ni yangu mwenyewe: "Ukigonga geti kukawa kimya, chungulia juu ya ukuta uone kama mbwa amefungwa."

Mimi. Mimi mwenyewe ndiye niliyemwambia achungulie juu ya ukuta.

Ilikuwa karibu saa sita mchana. Nimeinama kwenye karo naosha, nikasikia yowe kutoka upande wa Soweto, halafu watu wanakimbia. Binti wa jirani akapita mbio, kandambili mkononi.

"Mama Chupa, wamemkamata! Yule wa gunia! Yule anayechechemea!"

Nitawaambia ukweli ambao sijamwambia hata padri. Kwa kitambo kidogo nilifurahi. Nilishangaa, nikafikiri, kumbe yupo! Nilikuwa nimewasikia watu wengi mno wakimsimulia mpaka mwizi wangu mwenyewe alikuwa ameanza kuniingia. Halafu chupa iliyokuwa mkononi ikateleza ikaanguka, na mlio wake ukanirudishia akili. Gunia. Mrefu. Mkimya. Mguu. Sikuwa nimemtunga mtu. Nilikuwa nimemchukua Severini kama alivyo, nikamvika wizi.

Nilikimbia na mabuti ya mpira, aproni imelowa, kitambaa cha kichwa kimebaki njiani. Nilipofika, watu walikuwa duara mbele ya geti la Mama Doreen. Severini alikuwa chini. Alikuwa amejifunika kichwa kwa gunia lake, na kila walipompiga, zile chupa chache zilizokuwa ndani zililia. Mguu wake wa kulia, ule mzima, ulikuwa umelala vibaya. Kulikuwa na kijana mmoja ameshika jiwe kwa mikono miwili, na nyuma kabisa nilisikia mtu anaulizia tairi.

Sijui nilipita vipi. Nilimwangukia Severini juu kama gunia la mahindi, na mimi sikuwa mwembamba.

"Mwacheni! Huyu ni Severini! Severini wa Mabogini, ananiletea chupa!"

"Mama toka! Ndiye huyu, ana gunia, anachechemea!"

"Huyo mwizi hayupo!" nikapiga kelele. "Hayupo! Nilimtunga mimi, ili niuze vipande!"

Wachache wakashusha mikono. Nilidhani yameisha. Lakini mwanamume mmoja, mtu mzima, mwenye saa mkononi, akasogea akasema kwa heshima kabisa, "Mama, usimtetee. Mimi huyu nimemwona kwa macho yangu, juzi, juu ya ukuta wa jirani."

"Hata mimi," akadakia mwingine.

Hebu fikirieni. Nimelala juu ya mtu anayevuja damu, nabishana na mashahidi wa uongo wangu mwenyewe, na wao wana uhakika kuliko mimi. Nikawauliza, "Alivaa shati gani?" Mmoja akasema jekundu, mwingine akasema hakuwa na shati. Wakatazamana. Nikalivuta gunia nikalimwaga. Zikatoka chupa nne tupu za siki na moja ya dawa ya kikohozi. "Haya niambieni, mwizi gani anaiba chupa ya dawa ya kikohozi iliyokwisha?"

Aliyemwokoa Severini kweli si mimi. Ni Mama Doreen. Geti lilifunguka akatoka na khanga ya nyumbani, alikuwa amelala. Alinitazama pale chini, akamtazama yule kijana mwenye jiwe.

"Weka hilo jiwe," akasema. "Mimi ndiye wa kwanza kuambiwa habari za mwizi huyo. Niliambiwa na huyu mama, kiwanjani kwake, sikumsikia kwa mtu mwingine kabla yake. Na huyu bwana nimemwita mimi aje achukue chupa."

Kijana akaweka jiwe. Watu wakaanza kukumbuka kwamba wana shughuli. Yule mwenye saa alinisaidia kumwinua Severini, tena kwa upole, kama vile si yeye. Tukampakia kwenye pikapu ya Mama Doreen mpaka hospitali. Mfupa wa mguu wa kulia ulikuwa umevunjika. Njiani Severini aliniuliza, "Ulisema nichungulie, sivyo?" Nikasema ndiyo. Akafumba macho.

Mtendaji aliitisha mkutano. Sikupelekwa polisi, kwa kuwa kama wangenipeleka mimi ingebidi wapelekwe na waliopiga, na waliopiga walikuwa wengi, wenye nyumba nzuri. Nikapewa adhabu ya kupita nyumba hadi nyumba, Njoro na Soweto, kutangaza kwa mdomo wangu kwamba mwizi hayupo, na kwamba anayetaka nitamwondolea vipande ukutani kwa mikono yangu.

Nilipita nyumba zote. Mnajua wangapi walitaka viondolewe? Hakuna hata mmoja. "Mwizi hayupo," nawaambia, "nilimtunga." Wananiitikia, "Tumesikia, mama, pole. Lakini viache." Bibi mmoja alinishika mkono akaninong'oneza, "Hayupo leo." Na mtendaji mwenyewe, nilipofika kwake, alisema vya kijani vinampendeza mkewe.

Nyumba ya mwisho ilikuwa Mabogini, na hiyo sikutumwa na mtu. Kwa sisi Wachagga, mwenye kosa kubwa huchukua jani la isale, ule mmea tunaopanda mipakani, akalipeleka kwa aliyemkosea. Anayeletewa isale hapaswi kukataa. Nilikata jani langu kihambani, kwenye migomba ya mama yangu Kibosho, nikashuka nalo mpaka kwenye mpunga. Severini alikuwa amekaa nje, mguu ndani ya plasta. Mkewe alinitolea kigoda bila kunitazama. Nikapiga magoti nikampa jani.

Alilishika muda mrefu. "Isale nimeipokea," akasema. "Lakini mguu haujui Kichagga. Utapona ukitaka."

"Niambie nifanye nini, Severini. Chochote."

Alifikiri. Nilitegemea aseme mbuzi, au nimlimie jaruba. Akasema hivi:

"Wale watu hawakunipiga kwa sababu ya kuchechemea. Wanaochechemea ni wengi. Walinipiga kwa sababu hapakuwa na mtu pale anayejua jina langu. Miaka yote napita mjini na gunia, naitwa 'wewe wa chupa.' Basi wewe, kuanzia leo, popote utakaponiona, utaniita jina langu. Kwa sauti. Watu wasikie kwamba ninajulikana."

"Hilo tu?"

"Hilo tu. Lakini kwa sauti."

Kiwanja changu sikufungiwa, nilikifunga mwenyewe miaka kadhaa baadaye. Plastiki ilikuja, nyepesi, haivunjiki, haikohoi ukiigonga. Wauza asali wakahama mmoja mmoja, wauza mafuta nao, na waliobaki wakiagiza chupa walitaka mpya zenye kifuniko cha kuzungusha. Kilima cha mwisho cha vipande, cha kahawia, kilikwisha polepole ukutani kwa watu, bila mimi kusimulia mtu yeyote hadithi yoyote. Nikiulizwa kama kuna wezi, nilijibu kwamba mimi nauza vioo, habari waulize redioni.

Na Severini aliendelea kuniletea chupa mpaka siku niliyofunga kiwanja, sasa akichechemea miguu yote miwili, kiasi kwamba alikuwa anatembea karibu amenyooka.

Adhabu yake nimeitumikia. Sokoni, stendi, hospitalini, "Severini! Severini wa Mabogini! Hujambo?" Nimemwita msibani kaburi likiwa wazi. Nimemwita Jumapili ya Matawi kutoka ng'ambo ya barabara, maandamano yote yakageuka, na padri akapoteza ukurasa. Sasa hivi mji mzima unamjua. Makonda wanamwita, watoto wa shule wanamwita, hata mbwa wa Soweto wamechoka kumbwekea.

Mwaka juzi alinifuata nyumbani, mzee mwenzangu, akakaa, akazungusha kofia mikononi.

"Mama Chupa, nimekuja kukuomba. Inatosha. Nimekusamehe kabisa, toka moyoni. Siwezi tena hata kupitia kilabuni kidogo bila mke wangu kupata habari kabla sijafika nyumbani. Kila mtu ananijua."

Nikamkaribisha chai. Nikamwambia nasikitika, ila adhabu ni ya kwangu, yeye hana ruhusa ya kuifuta.

Jumanne iliyopita nilimwona karibu na soko kuu. Aliponiona alivuta kofia usoni akavuka barabara kwa haraka ambayo sikujua kama miguu ile inayo. Nikaweka kikapu chini, nikavuta pumzi, nikaita kwa nguvu zangu zote.